Shule ya Druk Padma Karpo, Ladakh: Sifa Ziliwahi, Cheti Kikachelewa

Mwaka 2002 shule moja ya Kibudha kaskazini kabisa mwa India ilizoa tuzo tatu kwa mpigo katika mashindano ya kimataifa ya usanifu majengo: jengo bora la Asia, jengo bora la elimu na jengo bora kwa mazingira. Wasanifu wa London walipongezana, magazeti yakaandika, picha zikazunguka dunia. Wanafunzi wenyewe walikuwa watoto wa chekechea na madarasa ya mwanzo, maana shule ilikuwa imefunguliwa Septemba 2001 tu. Hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyekaribia umri wa kufanya mtihani wa darasa la kumi, ule ambao kwa mzazi wa Ladakh ndio hasa unaosema shule ni nzuri au mbaya.

Shule hiyo ilikuja kupata ithibati ya CBSE, bodi kuu ya elimu ya sekondari ya India, mwaka 2025. Kati ya tuzo na ithibati kuna takriban miaka 23. Humo ndani mna mafuriko ya matope, filamu iliyotazamwa na mamilioni ya watu, misururu ya watalii, na watoto waliokuwa wakijaribu kusoma katikati ya yote hayo. Wengi wanaoisimulia shule hii huishia kwenye majengo au kwenye filamu. Mimi naona kisa chenyewe kiko kwingine: ni shule iliyoanzishwa ili mtoto asome bila kung'olewa kwao, kisha ikajikuta kila anayekuja kuitazama anatazama kitu kingine.

Kwanza tuelewe ilianzishwa kwa nini. Ladakh ni nchi ya milima mikavu. Mji wake mkubwa, Leh, uko mita kama 3,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100 tu. Wakati wa baridi joto hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, na barabara za kwenda Srinagar na Manali hufungwa na theluji. Wilaya ya Leh ina Wabudha wengi, ya Kargil ina Waislamu wengi. Elimu ya zamani kwa upande wa Wabudha ilikuwa ya monasteri: familia ilimtoa mtoto wa kiume, akaenda kuwa mtawa, akajifunza kusoma maandiko. Msichana alibaki na mbuzi na shamba la shayiri.

Shule za serikali zilipokuja, zilikuja na tatizo ambalo msomaji wa Tanzania hatahitaji kufafanuliwa. Mtoto alizungumza Kiladakhi nyumbani, akafundishwa kwa Kiurdu hadi darasa la nane, na alipoingia la tisa kila kitu kikageuka ghafla kuwa Kiingereza. Vitabu navyo vilizungumzia mambo ya nchi tambarare ambayo mtoto wa mlimani hajawahi kuyaona. Miaka ya 1990, wanaharakati wa elimu wa huko walipoanza kampeni ya kurekebisha hali, walisema takriban wanafunzi 95 kati ya kila 100 wa shule za serikali walikuwa wakifeli mtihani wa darasa la kumi. Mwenye uwezo alimpeleka mwanawe Jammu, Chandigarh au Delhi. Mtoto alirudi baada ya miaka kadhaa na cheti mkononi, Kiingereza na Kihindi mdomoni, na maneno machache ya kumwambia bibi yake.

Hapo ndipo anapoingia Gyalwang Drukpa wa 12, kiongozi wa madhehebu ya Drukpa, tawi la Ubudha wa Himalaya lenye mizizi katika karne ya 12 na ambalo monasteri yake kuu Ladakh ni Hemis. Wazee wa jamii walitaka shule, naye akakubali kuisimamia. Jina la shule, Druk Padma Karpo, linamkumbuka Pema Karpo, mwanazuoni wa karne ya 16 aliyekuwa Gyalwang Drukpa wa nne. Kwa wazungumzaji wa Kiingereza iliitwa shule ya Yungiyungi Jeupe. Dalai Lama akawa mlezi wake, jambo lenye uzito kwa kuwa yeye ni wa madhehebu mengine. Mfuko wa hisani wa Uingereza ukaanza kuchangisha fedha, na kampuni ya wahandisi na wasanifu ya Arup ikaombwa kuchora ramani. Kazi ya michoro ilianza mwaka 1997. Kiwanja kilikuwa jangwa la mawe huko Shey, kilomita kama 15 kutoka Leh, kwenye bonde la Mto Indus, kijiji kilichokuwa makao ya wafalme wa Ladakh zamani.

Haikuwa seminari, na hili wengi hulikosea. Watoto wake hawanyoi vichwa wala hawavai kanzu nyekundu za watawa. Ni shule ya kawaida ya mchanganyiko, wavulana na wasichana, iliyopangiwa kuchukua wanafunzi 750 kuanzia chekechea hadi umri wa miaka 18, wanaofuata mtaala wa serikali pamoja na lugha yao na maadili ya dini yao. Kuwaweka wasichana na wavulana kwenye dawati moja lilikuwa jambo la kawaida katika shule za serikali. Katika taasisi inayosimamiwa na kiongozi wa dini lilikuwa na maana yake. Huyu ndiye kiongozi ambaye, kuanzia mwaka 2008, aliruhusu watawa wa kike wa monasteri yake karibu na Kathmandu wafundishwe kung fu, kitu ambacho mila ilikikataa kwa mwanamke. Watawa hao baadaye waliendesha baiskeli kutoka Nepal hadi Ladakh wakihubiri usawa. Kwa hiyo msichana wa Shey hakukaribishwa darasani kwa sababu tu sheria ya nchi inataka hivyo. Alikuwa sehemu ya hoja ya mwanzilishi.

Sasa majengo, maana bila hayo maisha ya mwanafunzi hayaeleweki. Nianze na choo, kwa kuwa yeyote aliyesoma bweni anajua kwamba shule hupimwa hapo. Ladakh maji ni haba na mabomba huganda. Wenyeji kwa karne nyingi wametumia choo kikavu: unajisaidia, unamwagia udongo, na baada ya muda mbolea inapelekwa shambani. Wahandisi walichukua desturi hiyo wakaiongezea ujanja mmoja. Kila choo kina vyumba viwili chini, kimoja kikitumika kingine kikioza, na nyuma yake kuna dohani lenye bati jeusi linaloelekea jua. Jua likipiga bati, hewa ya ndani inapata joto na kupanda, inavuta harufu na inzi kutoka chini na kuwatoa juu. Hakuna pampu wala feni, na tone la maji halitumiki. Ukifikiria ni shule ngapi za bweni duniani zimejengewa vyoo vya kuvuta ambavyo maji yake hayajawahi kufika, unaelewa kwa nini nimeanza hapa.

Mabweni yanatazama kusini moja kwa moja. Ukuta wa upande huo umejengwa kwa namna ambayo mafundi huiita ukuta wa Trombe: tofali zito, uso wake wa nje mweusi, na mbele yake kioo kilichoacha nafasi ndogo. Mchana kutwa ukuta unanyonya joto la jua. Usiku, nje kukiwa kumeganda, joto hilo linapenya taratibu hadi upande wa vitanda. Madarasa yamegeuzwa kidogo kuelekea mashariki, kama nyuzi 30, ili yapate jua la asubuhi, kwa kuwa darasa linahitaji joto mapema na jioni halina mtu. Nje ni mawe ya matale yaliyochongwa papo hapo kiwanjani, ndani ni matofali ya udongo, na paa ni la mipopla na mierebi iliyofunikwa kwa udongo kama paa za nyumba za kijijini. Tofauti kubwa na nyumba za kijijini haionekani kwa macho: paa limebebwa na fremu ya mbao inayojitegemea, yenye viungo vya chuma. Ardhi ikitetemeka na ukuta ukaanguka, paa halimwangukii mtoto. Eneo lile ni la hatari kubwa ya matetemeko.

Madarasa ya wadogo yana kona tulivu yenye jiko la kupashia moto na sakafu ya mbao. Mtoto wa miaka minne huketi chini, mbele ya meza fupi, kama anavyoketi nyumbani kwao. Sidhani kama majaji wa tuzo walilipa jambo hilo uzito unaostahili. Mtoto anayeingia shule kwa mara ya kwanza na kukuta chumba kinachofanana na sebule ya mama yake ameshapunguziwa nusu ya woga.

Siku ya shule huanza kwa mkusanyiko, sala na muda mfupi wa kutulia kimya. Kisha ni masomo kama kwingineko: hisabati, sayansi, maarifa ya jamii, Kiingereza, Kihindi, na Kibhoti, lugha ya kimaandishi ya Wabudha wa huko inayotumia herufi za Kitibeti. Wanafunzi wa kutwa huletwa na mabasi kutoka Leh na vijiji vya bondeni. Wa bweni hutoka mbali: Zanskar, ambako wakati wa baridi njia hufungwa kabisa, na Changthang, nyanda za juu ambako familia huhamahama na yaki na mbuzi wa pashmina. Wengi wao hulipiwa na wafadhili wa nje ya nchi. Mtoto anaishi na walezi wa bweni, anafua nguo zake, na mapumziko makubwa huja wakati wa baridi badala ya kiangazi. Siku za sherehe huvaa goncha, vazi refu la sufu linalofungwa mshipi kiunoni, na ngoma za Kiladakhi huchezwa uwanjani. Hayo ya ngoma na mavazi mgeni huyapenda sana kwa kamera. Kazi halisi ya kuhifadhi utamaduni, kwa maoni yangu, iko kwenye kipindi cha Kibhoti, pale mtoto anapoandika insha kwa lugha ya nyumbani kwao na kusahihishiwa tahajia.

Mtihani wa kwanza mkubwa wa shule haukutoka bodi yoyote. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010, mvua kubwa mno kwa kipimo cha Ladakh ilinyesha kwa muda mfupi. Milima isiyo na miti haikuweza kuizuia. Maji yalibeba udongo na mawe hadi bondeni, yakapita Leh, Choglamsar, Shey na vijiji vingine, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha Ladakh nzima. Matope yaliingia shuleni, yakajaa madarasani na uwanjani. Watoto wa bweni walinusurika. Majengo yalichafuka na kuharibika ndani, lakini fremu zilisimama.

Hapa lazima tuseme ukweli pande zote mbili. Fremu zile zilichorwa kwa ajili ya tetemeko, na zilisaidia dhidi ya adui mwingine kabisa. Lakini shule iliyosifiwa kwa kuielewa hali ya hewa ya mahali pake ilikuwa imejengwa kwa hesabu ya nchi isiyopata mvua, na matofali ya udongo na maji havipatani. Kukosoa baada ya tukio ni rahisi. Mvua ya namna ile wenyeji wenyewe hawakuitarajia. Hata hivyo funzo lilibaki: kwenye bonde la namna hiyo, ukichora jengo bila kuchora mkondo wa maji umechora nusu tu. Kwa wanafunzi, matokeo yalikuwa muhula uliovurugika na marafiki ambao nyumba zao kijijini hazikuwapo tena. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Oktoba, maelfu ya wajitolea waliitwa na Gyalwang Drukpa wakapanda miche zaidi ya 50,000 Ladakh kwa muda wa nusu saa hivi, wakaingia kwenye kitabu cha rekodi za dunia.

Mtihani wa pili ulikuwa mtamu kwanza, na huu ndio ninaouona mgumu kuliko wote. Mwishoni mwa 2009 filamu ya Kihindi 3 Idiots, iliyoongozwa na Rajkumar Hirani, ilitoka na kuvunja rekodi za mapato India. Hata huku kwetu, ambako filamu za Kihindi zina wenyewe tangu enzi za majumba ya sinema, wengi wanaikumbuka. Mwishoni mwake shujaa, aliyechezwa na Aamir Khan, anagundulika akiwa mwalimu wa shule ya kipekee mlimani, ambako watoto wanabuni vitu badala ya kukariri. Sehemu hiyo ilipigwa Shey, kwenye shule yetu hii. Kuna tukio ambapo mhusika mmoja anataka kukojoa ukutani, na watoto walio dirisha la juu wanamshushia waya wa umeme waliouunda wenyewe.

Basi ule ukuta ukawa hija. Watalii wakimiminika Ladakh kila kiangazi, dereva anawapeleka kwenye ziwa la Pangong, monasteri ya Thiksey, na "shule ya Rancho", kwa jina la yule shujaa wa filamu. Watu walitaka kupiga picha mahali pale pale, wengine wakiiga tendo la kwenye filamu. Kiangazi ndicho pia kipindi cha masomo, kwa sababu baridi hairuhusu. Mwalimu anafundisha hesabu za sehemu, dirishani kuna mgeni na simu. Shule ilijaribu kuwa mwenyeji mwema. Ukarimu ni sehemu ya mila ya pale, na wageni wengine walichangia fedha. Mwaka 2018 uongozi ukachoka. Ulitangaza kwamba ukuta utapakwa chokaa na watalii hawataruhusiwa tena kuingia, kwa sababu ya takataka na kwa sababu watoto walikuwa wakivurugwa.

 Mimi nauona uamuzi ule kuwa bora zaidi wa kiutawala katika historia ya shule hiyo, na ulichelewa. Filamu ilikuwa imeuza wazo la shule inayomweka mtoto mbele ya kila kitu; mashabiki wake ndio waliomweka mtoto nyuma ya ukuta. Kulikuwa na utata mwingine pia. Mhusika wa filamu alihusishwa sana na Sonam Wangchuk, mhandisi wa Ladakh aliyeshiriki kuanzisha SECMOL mwaka 1988, taasisi ya elimu tofauti kabisa iliyoko Phey, kijiji kingine cha Ladakh. Watalii walifika Shey wakimuulizia mtu ambaye hafundishi hapo.

Wakati wageni wakipanga foleni ukutani, karatasi moja ilikuwa haijafika. Shule ilikuwa chini ya bodi ya elimu ya jimbo la Jammu na Kashmir. Tangu mwanzo ilitaka kuhamia CBSE, inayotambulika India nzima na ambayo mitihani yake inalingana zaidi na milango ya vyuo vikuu. Kwa mtoto wa Zanskar anayetaka kwenda kusoma Delhi, tofauti hiyo si ndogo. Ila kanuni zinataka shule binafsi ipate kwanza barua ya kutopingwa kutoka mamlaka za jimbo, na barua hiyo haikupatikana mwaka baada ya mwaka. Shule ambayo picha yake ilitumika kote kama mfano wa elimu bora ilikuwa haina kibali cha mtihani inaoutaka. Oktoba 2019 Ladakh ilitengwa na Jammu na Kashmir na kuwa eneo linalosimamiwa moja kwa moja na serikali kuu. Hata baada ya hapo ilichukua miaka mingine zaidi ya mitano.

Kuna anayeweza kusema: kama falsafa ya shule ni kumkomboa mtoto kutoka utumwa wa mitihani, kwa nini kuhangaikia bodi? Swali hilo huulizwa na watu wenye vyeti tayari. Wazazi walioiomba shule hii miaka ya 1990 hawakuomba maonyesho ya usanifu wala mazoezi ya kutulia kimya, ambayo monasteri zilikuwa nayo kwa wingi. Waliomba mtoto apate elimu inayotambulika bila kwenda kuwa mgeni Chandigarh akiwa na miaka saba. Bila ithibati, nusu ya ahadi ilikuwa inaning'inia, na familia zenye fedha ziliendelea kuwa na sababu ya kuwahamisha watoto mapema.

Ithibati ilipofika mwaka 2025 ilileta pia kazi mpya. Mtaala wa CBSE ni wa nchi nzima, lugha zake kubwa ni Kiingereza na Kihindi, na shinikizo la alama huanza kula vipindi visivyopimwa. Kibhoti ndicho kilicho hatarini zaidi hapo. Kwa bahati, mwaka huo huo wa 2025 serikali ilitoa kanuni zilizoifanya Kibhoti kuwa moja ya lugha rasmi za Ladakh, pamoja na Kiingereza, Kihindi, Kiurdu na Kipurgi. Mzazi aliyekuwa akisema Kibhoti hakimpi mtoto kazi sasa ana sababu ndogo ya kusema hivyo. Kinachobaki ni walimu: wanaoweza kufundisha lugha hiyo hadi ngazi za juu, na walio tayari kukaa Shey miaka mingi badala ya kupita kama wajitolea wa msimu.